Sura Tulizokopeshwa

Mazungumzo haya yalisikika redioni juma lililopita. Nayaweka hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shambani, safarini, au ambao betri ziliwaishia katikati.

Hivi karibuni nilikuwa Kalenga, kilometa kama kumi na tano kutoka Iringa mjini, katika kijiji kilichokuwa makao makuu ya Mtwa Mkwawa. Mpwa wangu, kijana wa miaka ishirini na miwili, alinipokea kwa shikamoo ya haraka haraka, kisha akanipa simu yake niitazame. Kijana huyu huimba. Amerekodi nyimbo tisa katika chumba kilichozibwa kwa magodoro ukutani ili mlio wa pikipiki usiingie.

"Mjomba, kazi imekwisha," akasema. "Limebaki kava tu."

Juu ya kioo cha simu kulikuwa na fuvu la Mtwa Mkwawa, lile lililohifadhiwa katika jumba la makumbusho hapo hapo kijijini, na jina la mpwa wangu limeandikwa chini yake kwa herufi nyekundu.

"Nataka kava lenye uzito. Mtu akiliona mara moja asilisahau maisha yake yote."

Sikumjibu papo hapo. Nilimwambia anipe siku mbili. Swali lake lilikuwa la haki kabisa: ni kitu gani kinachoifanya picha ya jalada la muziki iwe alama, hata mtu aione na kusikia wimbo kichwani kabla hajagusa chombo chochote?

Tuanze mbali kidogo. Sahani za santuri za zamani hazikuwa na picha. Ziliuzwa ndani ya bahasha ya karatasi yenye tundu katikati, ili mnunuzi asome maandishi ya lebo. Kazi ndefu iliyohitaji sahani nyingi ilifungwa pamoja katika kitabu kinene kilichofanana na kitabu cha kutunzia picha za familia, yaani albamu. Kitabu kile kimekufa, jina limebaki. Ilikuwa karibu na mwaka 1940, huko Marekani, kijana mmoja mchoraji aitwaye Alex Steinweiss alipoishawishi kampuni ya Columbia iache majalada matupu na kuweka michoro juu yake. Sahani ya LP ilipotoka mwaka 1948, mchoraji akapata uwanja wa sentimeta thelathini kila upande. Hapo ndipo jalada lilipopata nafasi ya kusema neno.

Huku kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili, aliirekodia kampuni ya His Master's Voice. Alama ya kampuni hiyo duniani kote ni mbwa aliyeinamisha kichwa mbele ya gramafoni. Picha ile ilichorwa na Mwingereza Francis Barraud, na mwanzoni mbwa alikuwa akisikiliza chombo cha aina nyingine kabisa. Kampuni ilipotaka kuinunua mwaka 1899, mchoraji alikipaka rangi chombo cha kwanza na kuchora gramafoni juu yake. Basi alama mojawapo mashuhuri kuliko zote katika historia ya muziki ni picha iliyorekebishwa ili iuzike. Tulikumbuke jambo hili, nitalirudia.

Katika miaka ya sitini na sabini bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na sahani zilipigwa chapa Nairobi. Nyingi zilikuwa zile ndogo za nyimbo mbili, upande huu mmoja na upande ule mmoja, ndani ya bahasha ya karatasi. Mbaraka Mwinshehe aliitikisa nchi nzima, akapiga gitaa hadi Japani katika maonyesho ya Osaka ya mwaka 1970, lakini wengi wa waliompenda walimjua kwa sauti kabla ya kuijua sura yake. Alipofariki katika ajali ya gari huko Kenya mwaka 1979, nyimbo zake zilikusanywa katika mfululizo wa LP ulioitwa Ukumbusho. Mtu alikuwa amekwisha kuzikwa ndipo rafu ya sahani zake ikajaa.

Hata hivyo, msidhani kwamba Afrika Mashariki haina lake katika historia ya majalada. Mwaka 1946 alizaliwa Zanzibar mtoto wa Kiparsi aliyeitwa Farrokh Bulsara. Familia yake iliondoka mwaka 1964 kwenda Uingereza, na huko kijana akasomea sanaa ya uchoraji na usanifu wa michoro. Dunia ilikuja kumfahamu kwa jina la Freddie Mercury. Nembo ya bendi yake ya Queen aliichora mwenyewe, akatumia alama za nyota za kuzaliwa za wanabendi wote wanne. Mwaka 1974 ikatoka albamu yao ya pili, jaladani nyuso nne zikitoka gizani, yeye katikati, mikono imekunjwa kifuani. Aliyepiga picha ni Mick Rock. Mwaka uliofuata walizirudia nyuso zile zile katika filamu ya wimbo wa Bohemian Rhapsody, na tangu hapo picha ile haikusahaulika tena. Angalieni vizuri: picha ilikuwa nzuri tangu siku ya kwanza, lakini ilikua kuwa alama iliporudiwa, na iliporudiwa pamoja na wimbo ambao watu waliupenda.

Mfano mwingine ni wa Beatles wakivuka barabara ya Abbey Road, London. Tarehe 8 Agosti 1969 mpiga picha Iain Macmillan alipanda ngazi katikati ya barabara, polisi akazuia magari, akapiga picha sita tu katika muda wa dakika kama kumi. Jina la bendi halikuandikwa mbele ya jalada. Watu wanne, mistari myeupe, mmoja hana viatu. Leo wageni kutoka kila pembe ya dunia husimama pale pale na kuwasumbua madereva ili nao wapigwe picha wakivuka.

Nikikusanya mifano hii naona mambo matatu. La kwanza, picha iwe nyepesi kushika, mtoto aweze kuieleza kwa maneno kumi. La pili, muziki ulio nyuma yake uwe na nguvu, maana bahasha haijawahi kuimba. La tatu, ambalo haliko mikononi mwa msanii wala mpiga picha, watu waishi nayo: waitundike ukutani, waiige, wailalie, waililie. Mawili ya kwanza hununuliwa kwa kipaji. La tatu huletwa na miaka.

Nilijifunza hili la tatu nyumbani kwetu, kabla sijasoma uandishi wa habari.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mama yangu aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kijiji. Walichanga fedha za mahindi na maharage, wakarekodi mkanda mmoja. Wakavaa blauzi nyeupe na sketi za buluu, wakapiga picha mbele ya kanisa kwa ajili ya kava. Kaseti zilipofika kutoka duka moja la mjini lililokuwa likizizalisha, jaladani walikuwapo watu wengine kabisa. Wanawake waliovaa vitenge vya kijani na wanaume wenye tai, wamesimama mbele ya basi. Karatasi zetu zilikuwa hazijatoka kwa mpiga chapa, mwenye duka akakunja zilizokuwapo, akaandika jina la kwaya yetu ubavuni kwa kalamu ya wino.

Viongozi wa kwaya walikwenda kulalamika. Walirudi jioni na vumbi la safari, bila fedha na bila karatasi. Kina mama wengine walilia. Mama yangu aliigeuza kaseti mkononi, akacheka, akasema: "Sauti ni yangu. Sura wamenikopesha."

Ile kaseti ilikaa juu ya redio yetu miaka na miaka. Sisi watoto tuliwapa majina watu wale wa basi. Yule mama mnene wa mbele tulimwita Shangazi. Mrefu wa nyuma tuliamua kuwa ndiye mwenye sauti nzito ya wimbo wa tatu, ingawa tulijua fika kuwa sauti ile ni ya fundi baiskeli, jirani yetu. Mama alifariki mwaka 2004. Picha zake tunazo mbili tatu, za kitambulisho na za harusi za watu. Lakini nikitaka kumkumbuka akiwa hai, akipika huku akiimba, sioni picha hizo. Naona vitenge vya kijani na basi. Watu nisiowajua, ambao huenda hawakuwahi kukanyaga kijiji chetu, ndio wanaonifungulia mlango wa sauti ya mama yangu. Jalada lilikuwa la makosa. Tukaishi nalo mpaka likawa letu.

Sasa turudi Kalenga. Siku ya pili nilikwenda na mpwa wangu hadi makumbusho. Historia yenyewe wengi mnaifahamu. Wahehe waliwashinda Wajerumani Lugalo mwezi Agosti 1891. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliivamia na kuivunja ngome ya Kalenga. Mkwawa akapigana msituni karibu miaka minne zaidi, na tarehe 19 Julai 1898 akajiua kwa risasi kuliko kukamatwa. Kichwa chake kilikatwa na kuchukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliomaliza vita vya dunia, ulikuwa na kifungu, cha 246, kinachoitaka Ujerumani ikirudishe katika miezi sita. Miezi sita ikawa miaka thelathini na mitano. Gavana Edward Twining ndiye aliyekwenda kulitafuta fuvu huko Bremen, ambako makumbusho yalikuwa na mafuvu kama elfu mbili, themanini na manne kati yake yakiwa ya kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Wakapima, wakalinganisha vipimo na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, wakachagua moja. Tarehe 19 Juni 1954 fuvu hilo lilikabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Wapo wanahistoria wanaouliza kama kweli ndilo. Kupima kwa namna ile hakuwezi kumaliza shaka. Nilikuwa mwoga wa kulisema hili mbele ya mzee mmoja wa Kalenga aliyekuwa ameketi nasi nje ya makumbusho, lakini mpwa wangu, kwa ujana wake, alilisema. Mzee hakukasirika. Alisema watu waliusubiri mzigo ule miaka hamsini na sita, na ulipofika waliulilia. "Machozi yale hayakuwa na shaka," akasema. Nikakumbuka kaseti ya mama.

Kisha kijana akamwonyesha simu. Mzee aliitazama kwa muda mrefu, akairudisha.

"Mjukuu wangu, kichwa hiki kilichukuliwa mara moja bila kuuliza mtu. Wewe unakichukua mara ya pili?"

Mpwa wangu alinyamaza. Mimi nami nilinyamaza, maana mwandishi wa habari huchukua vya watu kila siku na kuviita habari.

Tulipokuwa tukirudi nilimpa jibu langu. Nilimwambia kwamba fuvu lile lina uzito, lakini si uzito wake yeye. Umetokana na vita, na kukatwa, na kusubiriwa. Ukiliweka juu ya nyimbo tisa za mapenzi na maisha ya bodaboda, mtu atakumbuka fuvu na kusahau nyimbo. Jalada haliazimi utukufu kwa marehemu. Nikamwambia atafute kitu chake chepesi: mlango wa chumba kile chenye magodoro, au baiskeli ya baba yake, au yeye mwenyewe kando ya mto Ruaha Mdogo asubuhi yenye ukungu. Aimbe vizuri. Halafu asubiri, maana siku hizi jalada limekuwa dogo kama stempu juu ya kioo cha simu, lakini muda wa kuishi na watu haujapungua hata siku moja.

"Na wakiweka picha ya watu wengine, kama ya bibi?" akauliza.

Nikamwambia basi ajue kwamba nyimbo zilikuwa nzuri vya kutosha.

Jana usiku aliniletea picha mpya. Ni magodoro. Magodoro matatu yaliyoegemezwa ukutani, moja limechanika, na kipaza sauti kikining'inia mbele yake kwa kamba ya katani. Jina lake liko chini, dogo. Sijui kama itakuwa alama. Hakuna ajuaye hilo siku ya kwanza. Najua tu kwamba niliipenda, nikamwomba aandike mahali fulani jina la rafiki yake aliyeipiga.

Nami ninalo ombi langu, wasikilizaji na wasomaji. Kama mwanzoni mwa miaka ya tisini ulivaa kitenge cha kijani ukasimama na wenzako mbele ya basi kupigwa picha ya kaseti ya kwaya, tafadhali jua kwamba katika nyumba moja ya mkoa wa Iringa sura yako inatunzwa. Mmoja wenu anaitwa Shangazi. Hamkutuomba, nasi hatukuwaomba, lakini tumeishi nanyi zaidi ya miaka thelathini, na deni la mama la kukopeshwa sura bado hatujalilipa.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.