Vitambaa vya Marehemu: Mirathi Isiyoandikwa ya Gee's Bend

Mtu akifariki kwetu, habari ya mirathi haikawii kuja. Nyumba, shamba, mifugo, dhahabu na fedha za benki huhesabiwa, na kila mrithi hupata fungu lake. Nguo za marehemu nazo hugawiwa jamaa au hutolewa sadaka. Lakini viko vitu ambavyo hata kwenye hesabu haviingii: mfuko wa vipande vya vitambaa, kopo la vifungo, mkasi uliozoea mkono mmoja, kazi iliyoachwa nusu. Mshonaji akiondoka, nani huvirithi vitu hivyo, naye avifanyie nini? Tumeona tulitazame swali hili kwa historia ya kijiji kimoja cha hapa Marekani tunakosoma.

Kijiji hicho ni Gee's Bend, katika jimbo la Alabama. Mto Alabama umekizunguka pande tatu, na kwa miaka mingi njia fupi ya kwenda Camden, makao ya wilaya, ilikuwa kuvuka kwa kivuko. Mwaka 1816 Joseph Gee alianzisha hapo shamba la pamba lililolimwa na watumwa. Mwaka 1845 shamba lilipita kwa Mark Pettway, na watumwa wake wakaitwa kwa jina lake. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, wengi walibaki palepale wakilima ardhi ya wengine kwa kugawana mavuno. Ndiyo maana mpaka leo wenyeji wengi wa kijiji hicho wanaitwa Pettway ingawa si wote wa ukoo mmoja. Jina lenyewe ni urithi, tena urithi ambao hakuna aliyeuomba.

Wakulima hawa walikopa mbegu, chakula na zana kwa mfanyabiashara wa Camden, wakalipa kwa pamba baada ya mavuno. Bei ya pamba ilipoanguka, deni likazidi mwaka hata mwaka. Mwaka 1932 mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akiwakopesha alifariki, na mjane wake akataka deni lote lilipwe mara moja. Watu wakaja na magari, wakachukua nyumbu, ng'ombe, kuku, majembe ya kukokotwa, mahindi ya akiba, hata mbegu. Makumi ya familia ziliingia majira ya baridi bila chakula, mpaka msaada wa Msalaba Mwekundu ulipofika. Huo nao ulikuwa ugawaji wa mirathi: mtu alikufa mjini, na walioporwa ni watu wa kijijini. Kila chenye bei kiliondoka.

Kilichobaki ni kile kisicho na bei: nguo zilizochakaa na magunia. Hapo ndipo tunapofika kwenye ushonaji. Nyumba za kijiji zilikuwa za magogo na mbao zenye nyufa, na wanawake walibandika magazeti ukutani ili kuzuia upepo. Watoto walilala chini ya mablanketi ya viraka yaliyopangwa moja juu ya jingine. Blanketi la namna hii lina tabaka tatu: uso ulioungwa kwa vipande, pamba katikati, na kitambaa cha nyuma, kisha zote hushonwa pamoja kwa mkono, uzi ukipita mpaka upande wa pili. Ovaroli ikitoboka magoti, sehemu nzima zilikatwa zikawekwa. Katika mablanketi ya nguo za kazi ya Gee's Bend unaweza kuona mstatili wa buluu iliyokolea katikati ya buluu iliyopauka. Hapo palikuwa na mfuko, jua halikupafikia.

Mwaka 1942 Missouri Pettway alifiwa na mumewe, Nathaniel. Hakuacha mali ya kugawana. Aliacha nguo zake za shambani. Missouri alimwambia binti yake Arlonzia, aliyekuwa msichana bado, kwamba atazishona ziwe blanketi la kumkumbuka, na kwamba atajifunika kwa ajili ya mapenzi. Wakazichana pamoja: suruali, mashati, na vipande vya magunia ya pamba, rangi zake kijivu, buluu na nyekundu iliyofifia. Arlonzia ndiye aliyeisimulia habari hiyo miaka mingi baadaye, naye mwenyewe akiwa mshonaji anayejulikana. Tukiuliza alirithi nini, jibu si nguo za baba peke yake. Alirithi pia namna ya kuzitazama, kujua kipande kipi kingali na nguvu na kipi kimekwisha. Elimu hiyo haikai sandukuni. Hupita kutoka mkono hadi mkono wakati kazi inafanyika, na mshonaji akifa kabla hajamwonyesha mtu, vitambaa hubaki vitambaa.

Mabaki yalizidi kupata kazi. Mwaka 1966, wakati baadhi ya wakulima weusi wa sehemu hiyo walikuwa wamefukuzwa kwenye ardhi kwa sababu ya kujiandikisha kupiga kura, wanawake wa Gee's Bend na vijiji jirani waliunda ushirika wa Freedom Quilting Bee, wakisaidiwa na kasisi Francis X. Walter, wauze mablanketi yao kwa pamoja. Mwaka huohuo, upande wa pili wa Marekani, Kwanzaa ilianzishwa California, na neno letu ujamaa likaanza kutamkwa na Wamarekani weusi. Hatudai kwamba wanawake wa Alabama walilihitaji neno hilo. Jambo lenyewe walikuwa wakilifanya. Mwaka 1972 ushirika ulipata kazi ya kushonea kampuni ya Sears foronya za kodrai. Vipande vilivyosalia mezani havikutupwa. Vilibebwa nyumbani, na mablanketi ya kodrai ya miaka ile, yenye rangi kama dhahabu, kijani na kahawia, yametokana na mabaki hayo.

Mwaka 2002 mablanketi ya Gee's Bend yalionyeshwa katika makumbusho ya Houston, kisha Whitney mjini New York, na mwaka 2006 yakachapishwa kwenye stempu za posta ya Marekani. Blanketi la Missouri sasa limo katika National Gallery of Art, Washington. Bei ilipokuja, ugomvi nao ulikuja: mwaka 2007 baadhi ya washonaji walifungua kesi wakisema hawakulipwa haki yao, na kesi hizo zikamalizwa kwa mapatano. Hapa historia inatuonya. Kitu kikiwa hakina bei, hakuna anayeuliza ni cha nani. Siku kinapopata bei, aliyekishona au watoto wake wanaweza kujikuta nje ya mlango.

Kwa nini tunayaandika haya katika gazeti la klabu ya Kiswahili? Muhula huu tumeletewa masanduku manne ya bibi mmoja wa mtaa huu, Mmarekani mweusi, aliyekuwa akija kwenye chakula chetu cha kila mwaka. Watoto wake hawashoni, nao hawakutaka kuvitupa vitu vya mama yao. Ndani mna vitambaa, nyuzi, subana mbili, na uso wa blanketi ambao haujakamilika. Baadhi yetu tulitaka tuviuze tupate fedha za shughuli za klabu. Wengine tuliona vihifadhiwe kama kumbukumbu, visiguswe.

Kwa historia tuliyoieleza, tunaona rai zote mbili hazitoshi. Kuuza ni kuchukua kilicho chetu kwa amana tu. Kuvifungia nako si kuvitunza: akiba haiozi, walisema wahenga, lakini kitambaa kilichofungiwa huliwa na nondo, na ufundi usiotumika hufa kabla yake. Missouri hakumhifadhi mumewe kwa kuzikunja nguo zake. Alizikata.

Basi tumekubaliana hivi. Ule uso usiokamilika tutautia pamba na kitambaa cha nyuma, tuushone, kisha turudishe blanketi kwa watoto wake, kwa kuwa kazi ile ni ya mama yao na sisi ni wamaliziaji tu. Vitambaa vilivyobaki tutajifunzia. Wazee wawili waliokuwa wakishona na marehemu wamekubali kutufundisha kila Jumamosi alasiri katika chumba cha klabu. Mwenye sindano aje nayo; asiye nayo, zimo sandukuni.