Mgomo wa madaktari wa 2012 na sheria inayowahusu wahudumu wa afya wa Karatu na Ngorongoro

Mgonjwa akizidiwa Endulen, njia yake inajulikana: kwanza Karatu, kisha Hospitali ya Mount Meru mjini Arusha, na ikishindikana huko, KCMC Moshi. Kwa hiyo mgomo wa madaktari wa mwaka 2012, ambao wengi huukumbuka kama habari ya Muhimbili na Dar es Salaam, ulitugusa hata sisi wa huku juu, kwa kuwa KCMC nayo iliingia katika mgomo. Tunaueleza hapa kwa sababu kila wauguzi au madaktari wanapolalamika, swali linarudi: mbona hawagomi?

Tuanze na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi haki ya kugoma, kisha inawaondoa wale walio katika huduma muhimu, wakiwamo wa afya, maji, umeme na zimamoto. Mgogoro wao unatakiwa umalizwe kwa usuluhishi au mahakamani. Sababu yake inaeleweka, maana mama aliye katika uchungu hawezi kuambiwa arudi Jumatatu. Lakini mwajiri anayejua kwamba wafanyakazi wake hawaruhusiwi kugoma hana haraka ya kuketi nao mezani.

Mwaka 2012 ulianza na madaktari walio katika mafunzo kwa vitendo kudai posho zilizocheleweshwa. Kufikia mwisho wa Januari mgomo ulikuwa umesambaa. Madai yakaongezeka: mishahara, nyumba, bima ya afya, posho ya mazingira magumu, pamoja na vifaa na dawa hospitalini. Februari polisi waliwakamata wanaharakati waliokusanyika Dar es Salaam kuitaka serikali iumalize mgogoro. Mwezi huohuo Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya na Mganga Mkuu wa Serikali walisimamishwa kazi, na Mei waziri na naibu wake wakaachwa nje ya Baraza la Mawaziri. Vichwa vilibadilika, ila madai makubwa yalibaki palepale. Madaktari walitaka anayeanza kazi alipwe shilingi milioni 3.5 kwa mwezi. Rais Kikwete alieleza kuwa analipwa 957,700 na kwamba serikali haina uwezo wa kufika huko.

Juni 22 Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, ilitoa zuio. Kesho yake madaktari wakagoma. Bungeni Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitamka maneno ambayo hayajasahaulika: "liwalo na liwe". Usiku wa Juni 26 Dk. Steven Ulimboka, kiongozi wa Jumuiya ya Madaktari, alitekwa, akapatikana asubuhi katika msitu wa Mabwepande akiwa amepigwa vibaya, ameng'olewa meno na kucha. Serikali ilikana kuhusika. Raia mmoja wa Kenya alishtakiwa, kesi ikafutwa 2013, na hakuna aliyetiwa hatiani kwa utekaji ule. Gazeti la MwanaHALISI, lililoandika kwa undani juu ya tukio hilo, lilifungiwa Julai 30. Mahakama ilikuja kusema mwaka 2015 kwamba kulifungia kulikuwa kinyume cha sheria.

Kilichofuata ndani ya hospitali ndicho kinachotuonyesha mshikamano ulivyokuwa. Madaktari bingwa, ambao wengi wao walikuwa bado kazini, waliweka chini vifaa baada ya kumwona mwenzao kitandani. Madaktari walichangishana ili apelekwe Afrika Kusini kutibiwa. Wakati huohuo rais wa Chama cha Madaktari Tanzania alifikishwa mahakamani kwa kukaidi amri ya mahakama, na walio mafunzoni wakaondolewa hospitalini, usajili wao wa muda ukasimamishwa. Walioumia zaidi kikazi ni hao vijana. Wagonjwa nao, tusiwasahau, walirudishwa nyumbani bila kutibiwa.

Ng'ambo ya mpaka wa Loliondo hali ilikuwa tofauti kidogo. Katiba ya Kenya ya 2010 inatambua haki ya kugoma. Hata hivyo Februari 13, 2017 viongozi saba wa chama cha madaktari cha KMPDU walifungwa mwezi mmoja kwa kutotii amri ya kusitisha mgomo. Madaktari wa hospitali binafsi wakasimamisha kazi kwa saa 48 kuwaunga mkono. Siku mbili baada ya hukumu Mahakama ya Rufani iliwaachia, na mgomo ukaisha Machi 14, siku ya mia, kwa makubaliano.

Huku kwetu kuna jambo linalochanganya wengi. Hospitali za Karatu, Endulen na Wasso ni za makanisa, na watu hudhani zuio la mgomo linamhusu mtumishi wa serikali tu. Sheria haitazami mwajiri, inatazama huduma: muuguzi wa kanisa na wa serikali wote wamo. Isichokigusa kifungu hicho ni huduma inayosimamishwa kutoka juu. Mwaka 2022 ndege za Flying Medical Service, zilizokuwa zikizunguka vijiji vya Ngorongoro kwa chanjo na kliniki za mama na mtoto, zilizuiwa kuruka. Kina mama waliokuwa wakizisubiri kwenye viwanja vya nyasi walibaki na barabara ya kwenda Endulen au Wasso, kwa miguu au kwa pikipiki.