Ruzuku iliyopitia kwenye mizani ya pamba

Mkulima wa pamba wa Magu au Kwimba akisikia serikali imetoa ruzuku, ana haki ya kuuliza imekatwa wapi. Kandokando ya Ziwa Victoria, fedha nyingi zilizoitwa msaada zilitoka kwanza kwenye pamba yake mwenyewe.

Tuanzie mwaka 1952, mkoloni alipounda bodi ya kuuza pamba na mbegu zake. Vita vya Korea vilikuwa vimepandisha bei duniani. Bodi ikamlipa mkulima pungufu ya bei ya soko, tofauti ikaingia kwenye mfuko wa kusaidia bei. Baadaye bei iliposhuka, mfuko ukatumika kujazia. Hiyo ilikuwa akiba ya lazima, na mwenye akiba hakuulizwa.

Kilichowaudhi zaidi wakulima enzi hizo ni mizani ya wanunuzi, iliyopunja waziwazi. Kutokana na hasira hiyo vikakua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 Paul Bomani na wenzake wakaunda shirikisho la vyama hivyo la Victoria, makao yake Mwanza. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchini, kisha ikavirudisha miaka ya 1980.

Soko la pamba lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, mikopo ya pembejeo ilivurugika. Nani akukopeshe dawa leo, wakati pamba utamuuzia mwingine kesho? Jibu likawa mfuko wa kuendeleza zao la pamba, na pamoja nao pasibuku. Mkulima akiuza, karani anamwandikia kilo zake kitabuni. Msimu unaofuata anakionyesha kitabu apewe dawa ya thamani inayolingana. Mfuko ulijazwa na ushuru waliotozwa wanunuzi, nao, kama ujuavyo biashara, hesabu hiyo waliishushia kwenye bei ya shambani. Mpango haukuwa mbaya. Ila dawa ilichelewa, na funza wa vitumba hasubiri mtu. Wengine waliobanwa na shida waliuza pasibuku zenyewe.

Kuanzia msimu wa 2008/09 zikaja vocha za pembejeo, safari hii fedha zikitoka Hazina na Benki ya Dunia. Zililenga hasa mahindi na mpunga: mbegu na mbolea za ekari moja, mkulima akichangia karibu nusu ya bei. Kaya isiyokuwa na nusu hiyo ilibaki na karatasi tu, na katika baadhi ya vijiji wakala alinunua sahihi badala ya kuuza mbolea. Kwa upande wa pamba, Juni 2009 Rais Kikwete alitangaza mpango wa kunusuru uchumi baada ya bei ya dunia kuporomoka. Humo mlikuwa na fidia kwa wanunuzi waliopata hasara na kudaiwa na benki. Kwa maneno mengine, aliyesaidiwa kwanza alikuwa mnunuzi.

Ruzuku ya mbolea iliyozinduliwa na Rais Samia Mbeya, Agosti 8, 2022, ina sura nyingine: mkulima anaandikishwa kijijini, anapewa namba, ananunua kwa wakala kwa bei iliyopunguzwa. Kwa mkulima wa mpunga ni nafuu kubwa. Lakini wakulima wengi wa pamba Usukumani hawatii mbolea ya dukani. Wanachotafuta ni mbegu, dawa na bomba la kunyunyizia. Pembejeo hizo mara nyingi hufika kupitia vyama vya ushirika vya msingi (AMCOS) bila fedha taslimu, na gharama yake hukatwa kwenye kila kilo siku ya mauzo.