Bia: Kwa nini uzito wa mwisho hutofautiana

Uzito wa mwisho, ukilinganishwa na ule wa maji, huonesha kiasi hamira ilivyoila sukari ya bia. Haidromita husoma 1.000 katika maji. Bia iliyoanza 1.048 ikaishia 1.012 huwa na kilevi cha takriban asilimia 4.7.

Bia ya shira ya kimea huweza kukoma juu zaidi, kwa kuwa baadhi ya sukari yake haichachuki. Joto nalo hupotosha: Mwanza, kwenye nyuzi 28, haidromita iliyosanifiwa kwa nyuzi 20 husoma pungufu kwa takriban 0.002.

Rubisi ya Wahaya, ng'ambo ya Ziwa Victoria, hunywewa ingali ikichacha. Bia ya chupa husubiri: kipimo kisipotulia kwa siku tatu, gesi huweza kupasua chupa.