Sahani ya barabarani na chungu cha nyumbani: nani analipa zaidi?

KASHEBERE – Kwenye barabara inayotoka Masisi kuelekea Walikale, msafiri anayefika Kashebere na njaa hutafuta kwanza kitu cha kula. Mandazi, ndizi ya kuchoma, kwanga ndani ya majani yake, ao sahani ya bugali na maharagi katika restora ndogo. Motari anaegesha, anakula dakika kumi, analipa, anawasha pikipiki. Nyuma ya nyumba hiyohiyo, mama anapuliza moto chini ya chungu cha sombe kitakachoiva jua likizama.

Watu wengi husema kwamba anayekula barabarani anatupa franka, na anayepika nyumbani anazitunza. Kuna ukweli ndani ya neno hilo. Lakini historia ya chakula katika Kongo inaonyesha kwamba hesabu haijawahi kuwa nyepesi hivyo, na kwamba mara nyingi anayelipa bei ya juu ni yule asiye na kitu.

Kwanga, chakula cha haraka cha zamani

Mihogo haikuzaliwa huku. Ilitoka Amerika, Wareno wakaileta kwenye pwani ya Kongo katika karne ya 16, kisha ikaingia bara polepole. Mahindi na maharagi pia asili yake ni Amerika. Mbele ya hapo, wazee wa maeneo haya walikula ndizi, viazi vikuu, mtama na ulezi.

Mihogo ilipendwa kwa sababu inaweza kukaa ndani ya udongo muda mrefu. Mwenye shamba akikimbia, anaweza kurudi akaikuta. Na kutoka kwake kulipatikana kwanga: inalowekwa, inapondwa, inafungwa ndani ya majani, inapikwa. Ikishaiva inakaa siku kadhaa bila kuharibika. Mbeba mizigo, mchuuzi na askari walifungua jani tu wakala. Hawakuhitaji moto wala sahani. Kabla hatujasikia habari za chakula cha haraka cha miji ya Ulaya na Marekani, Kongo ilikuwa nacho.

Lakini haraka ya mlaji inatoka kwenye taratibu ya mpishi. Mihogo michungu ina sumu ya sianidi, na kuitoa kunataka siku za kuloweka na kuanika. Mwaka 1938, daktari Giovanni Trolli aliandika juu ya konzo, ugonjwa ulioonekana Kwango, magharibi ya inchi, unaopoozesha miguu ya mtu kwa ghafula. Watafiti waliokuja nyuma walionyesha kwamba unashika watu wanaokula mihogo michungu isiyotayarishwa vizuri, hasa wakati wa njaa, wakati watu wanafupisha siku za kuloweka. Hapo haraka ilikuwa na bei, na watu waliilipa kwa miguu yao.

Bei iliyowekwa na mwenye bunduki

Wakati wa Dola Huru ya mfalme Leopold II, kati ya 1885 na 1908, vijiji vilivyokuwa karibu na vituo vya serikali vililazimishwa kuleta kwanga kama kodi. Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alipita kwenye mto Kongo mwaka 1903, na ripoti yake ilitoka mwaka 1904. Alieleza kwamba malipo ya serikali kwa kwanga moja yalikuwa chini ya bei ya kweli ya soko. Tume ya uchunguzi iliyotumwa na Leopold mwenyewe, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 1905, nayo ilikuta mzigo huo umewalemea akina mama: kulima, kuloweka, kuponda, kupika, kisha kubeba mpaka kwenye kituo.

Hayo yalipita mbali na Masisi, lakini yanafundisha jambo moja. Kwanga ile ilikuwa rahisi kwa aliyeila, kwa sababu masaa ya aliyeipika hayakulipwa.

Huku kwetu, utawala wa Ubelgiji ulianzisha mwaka 1937 shirika la kuhamisha familia kutoka Rwanda na kuzileta Masisi, kazi iliyoendelea mpaka 1955. Mashamba makubwa ya wazungu yalihitaji mikono. Kwa wafanyakazi wa mashamba na wa machimbo, neno lililobaki mdomoni ni posho: chakula ambacho mwajiri alimpimia mfanyakazi. Mwajiri alihesabu unga na maharagi. Kuni, maji na masaa ya mke wa mfanyakazi havikuingia ndani ya daftari.

Wachimbaji na sahani ya deni

Upande wa Walikale, mambo yaligeuka na madini. Mwaka 1982 serikali ya Mobutu iliruhusu raia kuchimba kwa mikono. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani, na kampuni ya SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976, ikadhoofika. Vijana wengi wakaingia msituni peke yao, bila mke wala shamba. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda sana, na kuanzia 2002 umati ukaelekea Bisie kwa ajili ya kasiterite.

Bisie ilikuwa ndani ya msitu, mbali na barabara ya gari. Unga, maharagi, chumvi na mafuta vilifika kwenye mgongo wa mtu, na njiani kulikuwa na vizuizi ambako wenye silaha walikata sehemu yao. Kwa hiyo ndani ya bei ya sahani moja kulikuwa mbeba mizigo, kizuizi na mwenye bunduki. Hata hivyo mchimbaji alinunua. Akiacha shimo ili akapike, anapoteza kazi ya siku. Na mama restora anayekubali deni mpaka kilo zipate mnunuzi, lazima aongeze kidogo, kwa sababu wengine huondoka bila kulipa.

Hesabu ya leo

Tuchukue mfano, si bei ya soko, ili kila msomaji aweke bei za kwao. Tuseme sahani ya bugali na maharagi ni franka 2000. Familia ya watu 7 ikila barabarani itatoa 14000. Ikipika nyumbani, tuseme unga ni 3000, maharagi 3000, mafuta, chumvi na kitunguu 1500. Jumla ni 7500. Kama kuni zinatoka shambani, hesabu inasimama hapo. Kama ni kununua makala, tuongeze 1500, inafika 9000. Kwa familia, chungu kinashinda mbali.

Sasa tumtazame mtu mmoja. Chakula chake ni sehemu moja ya saba ya 7500, yaani kama 1100. Lakini moto haugawanyiki. Maharagi yanataka masaa mawili ao matatu, yawe ya mtu mmoja ao ya watu saba. Akilipa makala ya 1500, anafika 2600. Sahani ya 2000 inamfaa zaidi, na anabaki na masaa yake. Kijana wa pikipiki anayekula barabarani si lazima awe mpotevu. Yeye anashiriki moto na wateja wengine.

Moto ndio unaogawa watu. Goma, sehemu kubwa ya makala imekuwa ikitoka kwenye misitu ya hifadhi ya Virunga, na tangu 2007 mradi EcoMakala wa shirika WWF umekuwa ukisukuma wakulima kupanda miti ya makala. Mtu wa mjini anahesabu moto kila siku. Mkulima wa kijiji mwenye miti karibu hauhesabu, ila mke wake na binti zake wanaulipa kwa mgongo.

Anayekimbia anaacha chungu

Halafu kuna vita. Mwezi wa kwanza 2025 M23 iliingia Masisi-centre, na mwisho wa mwezi huo Goma. Mwezi wa tatu ilifika Walikale-centre, ikaondoka mwezi wa ine. Familia inayokimbia inaacha shamba lenye mihogo, inaacha kuni, na mara nyingi inaacha hata sufuria. Jana ilikuwa inalima, leo inanunua.

Hapo hesabu inageuka vibaya. Familia ya watu saba, ambayo kupika kungeisaidia zaidi, inalazimika kununua kama mtu mmoja: kikombe cha unga, kijiko cha mafuta, makala ya kupika mara moja, mandazi kwa watoto ili usiku upite. Anayenunua kidogokidogo hulipa zaidi kuliko anayebeba gunia, na hana pesa ya gunia.

Ndiyo maana familia nyingi zinazopokea waliokimbia hufanya lililo karibu: unga wa nyumba mbili ndani ya chungu kimoja, juu ya moto mmoja. Wengine wanaloweka maharagi usiku kucha ili yaive mapema, ao wanatumia mbabula inayokula makala kidogo. Akina mama wa likilimba, wakiweka franka pamoja, wanaweza kununua gunia na kugawana kwa bei ya gunia.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama sahani ya barabarani ni ghali, aangalie kwanza nani anaila. Mwenye shamba, kuni na mtu wa kukaa kando ya moto, yuko na chungu cha bei nafuu. Aliyenyang'anywa vitu hivyo vitatu atalipa bei ya barabarani, hata kama anapika mwenyewe.