Uzi Mweusi wa Wapasua Mbao

Baba yangu alipasua mbao katika misitu ya Beni, mashariki mwa Kongo, kabla misumeno ya petroli haijaenea. Gogo lilipandishwa juu ya shimo. Mmoja akasimama juu yake, mwenzake akaingia shimoni akamwagikiwa unga wa mbao machoni mchana kutwa. Lakini kabla msumeno haujagusa gogo, baba alichovya uzi katika maji yenye unga mweusi wa betri kuukuu za redio, akaukaza juu ya gogo, akaunyanyua kidogo, akauachia upige mstari mweusi. Msumeno ukipinda, hawakukisia. Walisimama, wakautafuta mstari.

Mbao hizo zilipanda barabara hadi Butembo, kilomita 50 na zaidi. Mzee aliyenifundisha useremala hapa mjini alifunzwa katika karakana ya misheni. Mapadri wake, Waasumpsionisti, walifika nchi ya Beni mwaka 1929. Mzee huyo alinikataza kupima mguu wa tatu wa meza kwa wa pili, na wa nne kwa wa tatu. "Kosa huzaa," alisema. Yote hupimwa kwa mguu wa kwanza.

Leo atelye yangu ina mashine ndogo ya CNC, yaani ya kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta, niliyoiunga mwenyewe. Ukoo wake ni wa Marekani: mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha mashine ya kuchonga chuma iliyofuata namba zilizotobolewa kwenye utepe. Mota yangu hugawa mzunguko mmoja kwa hatua 200, na mzunguko huo husogeza kichwa cha kuchongea milimita 8. Ila haina jicho. Huhesabu hatua ilizoamriwa, hata zile ambazo haikupiga.

Mwaka jana nilichonga nayo mlango wa ubao wa libuyu. Maua matatu yalikaa sawa. La nne likahama milimita 1.6. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya Beni yamewaondoa wapasuaji wengi msituni, na ubao kama ule siupati kila wiki. Iliniuma.

Kipimo chenyewe ndicho kilichonionyesha njia. Mota ya aina hii ikiteleza, huruka hatua 4 kwa mara moja, yaani milimita 0.16; na 1.6 ni mitelezo 10 kamili. Nikachora msalaba kwa penseli, nikaituma mashine milimita 300 na kuirudisha polepole: ikatua msalabani. Nikaituma kwa kasi: ikatua pembeni. Nikakagua parafujo ndefu inayosogeza kichwa. Unga wa mbao ulikuwa umegandamana na mafuta, mgumu kama udongo mkavu. Unga ule ule uliowaingia machoni watu wa shimoni. Nikaisafisha, nikaifanya mashine ianze mwendo taratibu zaidi, nikajaribu mara 10. Mara zote 10 ilirudi msalabani.

Sasa kona ya meza ya mashine ina mstari mweusi, nilioupiga kwa uzi na unga wa betri. Kila ua likiisha, mashine hurudi pale, nami nainama kutazama kabla sijairuhusu kuendelea.