Wakili Yuko Goma: Neno na Sheria Katika Masisi na Walikale

Redio ya kijamii ya vijijini Masisi au Walikale, katika Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, haina mambo mengi. Chumba kimoja chenye paa la bati, paneli za jua, betri mbili tatu, mikrofoni iliyofungwa kitambaa, na vijana wanaofanya kazi karibu bila mshahara. Asubuhi wanasoma matangazo ya misiba, bei ya madini ya kasiteriti, hali ya barabara baada ya mvua. Kisha wanasema ni wapi wenye silaha wameweka kizuizi na wanatoza kiasi gani kwa kila mzigo. Habari hiyo ya mwisho ndiyo msikilizaji anayoisubiri, maana kesho anapita huko na debe lake la mawese. Na habari hiyo hiyo ndiyo inayomletea mtangazaji barua ya mwito kutoka kwa mwendesha mashtaka wa kijeshi, au simu ya usiku isiyo na jina.

Akishaitwa, kifungu kinachomngoja huenda ni cha zamani kuliko babu yake. Kanuni ya adhabu ya Kongo ni ya tarehe 30 Januari 1940, na kifungu chake cha 74 kinamwadhibu yeyote anayemtaja mtu kwa jambo mahususi la kumvunjia heshima, kwa nia mbaya na hadharani, kwa kifungo cha kuanzia siku nane hadi mwaka mmoja. Kifungu hakiulizi kama jambo lililosemwa ni kweli. Mtangazaji anaweza kuthibitisha kwamba kamanda alichukua ng'ombe wa watu, na bado akawa na hatia. Ndiyo maana mawakili wanaotetea wanahabari Goma na Kinshasa wamejifunza kushikilia yale maneno mawili, nia mbaya. Wanamwonyesha hakimu kwamba mteja wao alimpigia simu mhusika kabla ya kutangaza, alitoa nafasi ya kujibu, na hakuwa na ugomvi naye. Kazi yote ya wakili wa habari katika nchi hii inaanzia kwenye mwanya huo mdogo.

Kazi hiyo ina historia. Kesi moja kubwa ya uhuru wa kusema kwenye ardhi ya Kongo ilisikilizwa Léopoldville mnamo Septemba 1909. Mshtakiwa alikuwa William Henry Sheppard, mmisionari wa Kipresbiteri, Mmarekani mweusi aliyeishi Kasai. Mwaka uliotangulia aliandika katika jarida dogo la misheni yake jinsi Wakuba walivyolazimishwa kuacha mashamba yao ili kukusanya mpira. Kampuni ya Kasai ikamshtaki kwa kumharibia jina. Kutoka Ubelgiji akaja Émile Vandervelde, mwanasheria na kiongozi wa wasoshalisti, akasimama mahakamani kumtetea. Tarehe 4 Oktoba hakimu alimwachia Sheppard, na kampuni ikaamriwa kulipa gharama za kesi.

Miaka 12 baadaye, mwaka 1921, Simon Kimbangu alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi huko Thysville, eneo likiwa limewekwa chini ya utawala wa kijeshi. Kosa lake lilikuwa mahubiri. Hakuwa na wakili. Alihukumiwa kifo, adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, na akafia gerezani Élisabethville mwaka 1951. Ukiziweka kesi hizo mbili bega kwa bega unaona jambo ambalo limeamua hatima ya wasemaji wa Kongo tangu hapo. Yupo wakili au hayupo? Hakimu ni raia au ni afisa wa jeshi?

Masisi na Walikale walilipata jibu lao mwaka 1944. Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya dunia, na serikali ya kikoloni ilidai mpira, madini na kazi ya barabara kutoka kwa kila kijiji. Neno la vuguvugu la kidini la Kitawala, lililotoka kusini kupitia Rhodesia ya Kaskazini na Katanga, lilikuwa limeingia msituni kati ya Masisi, Walikale na Lubutu, na mhubiri aliyeitwa Bushiri akatangaza miongoni mwa Wakumu kwamba enzi ya Wazungu imefika mwisho. Watu wakaacha kazi, wakawakamata baadhi ya Wazungu. Jeshi la kikoloni likazima uasi huo kwa bunduki. Lakini bunduki ilikuja mwisho. Muda mrefu kabla yake, wafuasi wa Kitawala walikuwa wakiondolewa vijijini kwa utaratibu uliotungwa mwaka 1910, ambao ulimruhusu mtawala kumhamishia mtu mbali na kwao bila kesi wala hukumu. Karatasi moja ilitosha. Hapakuwa na mahali pa kumpeleka Vandervelde, hata kama angekuwepo.

Na hii ni nchi iliyojua kumkosoa mkubwa. Mwaka 1956 mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck alimsikiliza Rureke, fundi wa kusimulia wa Wanyanga wa Walikale, akiimba na kucheza utenzi wa Mwindo kwa siku 12 mbele ya wanakijiji. Humo shujaa mwenyewe, chifu, anapandishwa mbinguni na kuadhibiwa kwa majivuno yake kabla ya kurudishwa kutawala. Wasikilizaji walikuwa wakimjibu msimuliaji na kumhimiza aendelee. Nataja hili kwa sababu mara nyingi uhuru wa kusema huelezwa Kongo kama mzigo ulioshushwa kutoka ndege ya Ulaya, na si kweli.

Chini ya Rais Mobutu kulikuwa na chama kimoja na sauti moja ya redio. Hotuba yake ya tarehe 24 Aprili 1990 ilifungua mlango, magazeti yakafurika Kinshasa, lakini magazeti hayafiki Walikale. Kilichofika ni uvumi. Machi 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, ndani ya Walikale, na mauaji yakasambaa Masisi nzima kwa miezi, kila kilima kikiwa na habari yake juu ya jirani. Hapo ndipo umuhimu wa redio ya kuaminika ulipoonekana kwa macho. Agosti 1994 Radio Agatashya ilianza kurusha matangazo kutoka Bukavu, ikaendelea hadi vita vya Oktoba 1996 vilipoinyamazisha.

Miezi minne kabla ya vita hivyo, tarehe 22 Juni 1996, Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa imepata sheria yake ya uhuru wa vyombo vya habari. Ilikuwa sheria ya maana. Lakini ukweli wake kwa Kivu ni kwamba haikupata hata mwaka mmoja wa amani. Kuanzia Agosti 1998 Goma ikawa makao makuu ya waasi wa RCD, na mwaka 1999 walifunga Radio Maendeleo ya Bukavu kwa amri tu. Unafungua kesi wapi dhidi ya amri ya waasi? Mahakama iko chini ya waasi haohao, na sheria imeandikwa Kinshasa. Ni katika miaka hiyo, Novemba 1998, wanahabari wa Kinshasa walipoanzisha shirika la Journaliste en danger, ambalo ripoti zake ndizo zimewapa mawakili kumbukumbu: nani alikamatwa, lini, na nani aliyetia saini.

Radio Okapi ilianza tarehe 25 Februari 2002, ikatangaza kwa Kiswahili mpaka mabondeni. Juni 2007 mwandishi wake Serge Maheshe aliuawa kwa risasi Bukavu. Kesi ilipelekwa mahakama ya kijeshi, na Agosti hiyohiyo marafiki zake wawili, waliokuwa naye alipouawa, walihukumiwa kifo. Rufaa ndiyo iliyowaokoa mwaka 2008. Kwa mawakili wa mashariki kesi hiyo ilikuwa somo chungu, kwamba kumtetea mwanahabari aliyekufa kunaweza kumaanisha kuwatetea walioshtakiwa kimakosa kwa kifo chake, kwa sababu hukumu isiyo sahihi inamwacha muuaji nje.

Katiba ya 2006 ilileta vifungu vizuri. Cha 23 kinalinda uhuru wa kujieleza, cha 24 haki ya kupata habari na uhuru wa vyombo vya habari. Hata hivyo, anayejua kazi hii hufungua kwanza kifungu cha 61. Hicho kinasema kwamba hata nchi ikiwa katika hali ya hatari, haki ya kutetewa na haki ya kukata rufaa haziguswi. Kilikuja kuhitajika. Mei 2021 Rais Félix Tshisekedi aliiweka Kivu Kaskazini na Ituri chini ya utawala wa kijeshi. Gavana akawa jenerali, na kesi za jinai za raia zikahamishiwa mahakama za kijeshi. Vijana wa vuguvugu la LUCHA, lililozaliwa Goma mwaka 2012, walishtakiwa huko kwa kuandamana. Miaka 100 kamili baada ya Thysville, msemaji wa Kongo alikuwa tena mbele ya hakimu mwenye magwanda. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii wakili aliweza kuketi kando yake na kufungua kifungu cha 61.

Aliweza, alipofika. Walikale ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, na mji wake mkuu uko zaidi ya kilomita 100 magharibi mwa Goma, mawakili wengi wanakokaa. Barabara ya Masisi imekuwa ikipita mikononi mwa vikundi kadhaa vyenye silaha. Ndege ndogo zimewahi kutua juu ya lami ya barabara ya Kilambo kuchukua kasiteriti ya mgodi wa Bisie, maana madini hupata usafiri haraka kuliko mshtakiwa. Kijana wa redio anaweza kukaa mahabusu juma zima bila mtu wa kumwandikia barua ya dhamana.

Machi 2023 sheria mbili zilitiwa saini siku moja, mpya ya vyombo vya habari na ile ya mambo ya kidijitali. Waandishi walikuwa wameomba kifungo kiondolewe. Badala yake kifungu cha 360 cha sheria ya kidijitali kinampa mwezi mmoja hadi sita gerezani anayesambaza habari za uongo mtandaoni. Mwanahabari Stanis Bujakera alikionja kifungo Kinshasa, akikaa gerezani kutoka Septemba 2023 hadi Machi 2024, akiwa na mawakili na dunia nzima ikipiga kelele. Mwanahabari wa Pinga, Walikale, au Mweso, Masisi, hana kelele hiyo.

Kisha yakaja ya 2025. Tarehe 4 Januari waasi wa M23 waliingia Masisi-Centre. Siku tatu baadaye waziri wa sheria, Constant Mutamba, alitangaza kwamba anayetoa habari za M23 atakabiliwa na adhabu ya kifo, na Al Jazeera ikasimamishwa kwa siku 90. Goma ikaanguka mwishoni mwa mwezi, Walikale-Centre mwezi Machi kwa muda mfupi. Mtangazaji wa Masisi akisema kilichotokea mtaani kwake, upande mmoja unaweza kumwita msaliti, na upande mwingine uko mlangoni.

Mlango mmoja mpya upo, na haujatumika inavyostahili. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo raia wake anaweza kwenda Mahakama ya Haki ya jumuiya hiyo huko Arusha. Mei 2015 mahakama hiyo iliamua kwamba sehemu za sheria ya vyombo vya habari ya Burundi zilivunja mkataba, katika kesi iliyoletwa na chama cha wanahabari wa nchi hiyo. Machi 2019 ikaamua vivyo hivyo kuhusu sheria ya Tanzania. Mahakama hiyo haidai mtu amalize kwanza mahakama za nyumbani, na hilo ni jambo kubwa kwa mahali ambapo mahakama za nyumbani zimefungwa au zimetekwa. Sharti lake gumu ni muda, miezi miwili tu tangu kitendo kilipofanyika au mlalamikaji alipokijua. Redio ikifungwa Nyabiondo, Masisi, mwanzoni mwa Februari, karatasi zinatakiwa ziwe zimeingia mahakamani kabla ya Aprili kwenda mbali, zikiwa na jina la aliyefunga, nakala ya amri kama ipo, na viapo vya mashahidi. Mawakili wachache wa Kivu wanaojua njia hiyo wanawahimiza watangazaji waanze kuandika tarehe na majina siku hiyohiyo, hata kwenye daftari la shule.